Zimamoto ya kijiji chetu ilianza lini?

*Swali:* Assalaamu alaykum Mwalimu, na shikamoo. Sisi ni vijana wa kijiji kimoja cha Kusini Unguja. Mwaka jana tulipokea wageni wa Kijerumani, na mmoja wao ni mzimamoto wa kujitolea kijijini kwao. Alituonyesha picha za sherehe ya miaka 150 ya zimamoto yao: bendera, tarumbeta, gari jekundu, watoto wamevaa kofia za chuma. Kisha akatuuliza, "Na yenu ilianza lini?" Tukabaki kutazamana. Ramadhani iliyopita banda la jirani yetu liliungua, na sasa tunaunda kikundi. Katibu wetu anataka katiba iwe na sura ya historia. Wazee wanasema mambo hayo yalikuwepo tangu zamani, lakini tukiwauliza yalianza mwaka gani wanacheka. Je, kijiji cha Unguja kimewahi kuwa na zimamoto yake, au tuandike kwamba sisi ndio wa mwanzo?

*Jibu:* Wa alaykum salaam, marahaba wanangu.

Msiandike kwamba nyinyi ndio wa mwanzo. Wazee wenu hawacheki kwa kutojua. Wanacheka kwa sababu mmewauliza kitu chenye bendera na tarehe, na wao wanachokikumbuka ni kitu chenye ngoe, panga na ugomvi wa paa. Nimefundisha usalama wa moto kwa miaka mingi, na kila ninapokwenda vijijini huuliza habari za mioto ya zamani. Mpaka leo sijaingia kijiji kisichokuwa na majibu, lakini pia sijaingia kijiji chenye tarehe.

Tuanze na mgeni wenu, maana hakukosea kuuliza. Ujerumani, ukitoa miji mikubwa yenye wazimamoto wa mshahara, moto huzimwa na wanakijiji wenyewe: seremala, mwalimu wa skuli, muoka mikate, ambao king'ora kikilia huacha walilonalo mkononi wakakimbilia kituoni. Wako karibu milioni moja nchi nzima. Vikundi vyao vya mwanzo ni vya miaka ya 1840, na miji ya Meißen (1841) na Durlach (1846) kila mmoja hujitia kifua mbele kuwa ndio uliotangulia. Chile wamekwenda mbali zaidi. Baada ya moto mkubwa wa bandari ya Valparaíso wa Disemba 1850, wenyeji waliunda kikosi chao tarehe 30 Juni 1851, na hadi leo wazimamoto wa nchi hiyo ni wa kujitolea, hata katika mji mkuu wa Santiago. Nako Marekani, Benjamin Franklin na wenzake walianzisha Union Fire Company mjini Philadelphia mwezi wa Disemba 1736.

Masharti ya kina Franklin ukiyasoma utasema ni chama cha kufa na kuzikana. Kila mwanachama alitakiwa awe na idadi maalumu ya ndoo za ngozi, na mifuko na vikapu vya kutolea vyombo ndani ya nyumba inayoungua, na avilete vyote kila penye moto. Walikutana mara moja kwa mwezi, asiyekuja akatozwa faini, na fedha za faini zikanunua pampu, ngazi na kulabu. Kulabu hizo zishikeni, nitazirudia.

Maoni yangu ni kwamba kilichowapa wenzetu tarehe si moyo wa kujitolea, ni pampu. Pampu ya mkono ya zama zile ilikuwa gari zima, yataka wanaume wengi wa kupokezana mipini, yataka banda la kuiwekea, yataka mtu wa kuipaka mafuta na daftari la waliochanga fedha. Penye daftari pana tarehe. Moyo wa kumkimbilia jirani ulikuwepo kabla ya pampu, ila haukuandikwa na mtu.

Sisi pampu hatukuinunua, na sababu yake si umasikini peke yake. Tazameni ardhi mliyokalia. Upande wa magharibi wa Unguja una udongo mnene na chemchemi. Ndiko Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar wa zama hizo, alikovuta maji kutoka Chemchem kuyaleta mjini katika miaka ya 1880. Upande wenu ni maweni. Mvua inanyesha, jiwe linainywa, na mwanamke anayafuata maji kisimani au pangoni. Ndoo moja ni lita 20. Paa la makuti likishashika moto, ndoo ishirini hazilitoshi, na kabla ya ndoo ya tano kufika paa limeshaingia ndani. Kwa hiyo babu zenu, watu wenye akili zao, hawakupoteza maji kwenye nyumba iliyowaka. Nyumba iliyowaka ilikuwa imeshakwenda. Kazi ilikuwa kwenye nyumba ya pili.

Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu ndiyo sura yenu ya historia.

Nyumba ya zamani ya kijijini ilikuwa nguzo, fito, udongo na mawe, na juu yake makuti. Makuti mazuri hupangwa kwa kubanana, safu juu ya safu, na chini yake mna hewa ya moto inayopanda kutoka ndani. Hebu fikirieni jinsi mnavyowasha jiko: kitu kikavu, chembamba, kimepangwa, na upepo chini yake. Jiko lenyewe lilikuwa mafiga matatu, kuni, vifuu na makumbi, na ndiyo maana wazee waliliweka uwani, mbali na paa kubwa, pale ilipowezekana. Ikifika kaskazi, kati ya Disemba na Machi, jua limekausha kila kitu na upepo haulali. Kuti moja linaloungua linaruka juu kama popo, linakwenda kutua nyumba ya tatu. Mtu akimaliza kulia nyumba yake, jirani wa tatu ndiyo kwanza anaanza.

Ukunga wa mwanamke, yaani ukelele wake wa kuomba msaada, ndio uliokuwa king'ora. Penye pembe, pembe ikapigwa; Waswahili hawakusema bure kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Nilivyosimuliwa, kila mtu alijua mahali pake bila ya kupangiwa. Wanawake na maji, mchanga na magunia yaliyoroweshwa, wakipiga cheche zinazotua. Vijana wadogo kutoa vyombo, msahafu kwanza, kisha sanduku, kisha kitanda. Wanaume wenye nguvu wakapanda nyumba ya pili, ile ambayo haijaguswa na moto, wakaiezua.

Ndiyo, wanaiezua nzima nzima. Nyumba ile haikupigiliwa misumari, imefungwa kwa kamba za usumba. Wawili wanakata kamba kwa panga, wengine wako chini na ngoe ndefu, zile zile za kuvutia matawi ya mti, wanavuta. Upande mzima wa paa unashuka kama mkeka. Moto ukija unakuta kuta za udongo na nguzo, hauna cha kula, unageuka. Na sasa rudini Philadelphia: kulabu zilizonunuliwa kwa faini za wanachama wa Franklin zilikuwa na kazi hiyo hiyo ya kuangusha kinachoupa moto njia. Watu wasiojuana, wametenganishwa na bahari, wakafikia chombo kimoja.

Sasa jiulizeni swali ambalo wanaosimulia habari hizi hulipita haraka. Nyumba yangu haijashika moto. Wewe unapanda juu na panga. Nani amekupa amri?

Hapo ndipo zimamoto ya kijiji ilipokuwa. Kuvuta paa hakuhitaji ujuzi mkubwa. Kilichokuwa kigumu ni ile haki ya kumuezulia mtu paa lake zima bila ya kushitakiwa. Vijiji vya Kusini vilikuwa na wazee wake, wanaojulikana kwa jina la watu wanne, na neno lao katika mambo ya kijiji lilikuwa la mwisho. Mzee mmoja alinihadithia, naye ilikuwa utotoni mwake, juu ya mtu aliyesimama mlangoni na shoka akisema paa langu haliguswi, upepo utageuka. Mzee wa kijiji hakubishana naye. Alimwambia, "Kesho kutwa utalala ndani, kavu." Yule mtu akaweka shoka chini.

Sentensi ile ilikuwa ahadi, na kila aliyesikia aliielewa. Aliyeezuliwa kwa ajili ya wengine anaezekwa na wengine. Makuti yanatolewa na kila nyumba, yaliyosukwa kwa akiba na yanayosukwa usiku ule ule, wanaume wanakata fito, wanawake wanapika, ndani ya siku chache paa limerudi. Wa kwanza kuezekwa ni yule aliyeezuliwa, kwa sababu kuta zake zipo. Aliyeunguliwa kabisa anakaa kwa jamaa, naye anajengewa kwa ujima baada ya hapo. Bila ya ahadi hii hakuna mtu angeacha paa lake livutwe, na bila ya kuvuta paa kijiji kizima kingekwenda. Mkiandika historia, andikeni ahadi kabla ya ngoe.

Ushahidi mnao nyumbani kwenu, na nashangaa hamkuutaja. Kila mwaka, mwezi wa Julai, Makunduchi inaoga mwaka, ndiyo sherehe ya mwaka mpya wa Kiswahili. Watu wa nje wanakuja kuangalia wanaume wakipigana kwa migomba, na kweli inafurahisha, lakini mimi siku zote hungojea kile kibanda cha makuti pale uwanjani Kae Kuu. Kinasimamishwa, mzee anaingia ndani, kinawashwa moto, mzee anachomoka, na watu wanakishambulia kwa kelele na vishindo. Wengine husoma moshi unaelekea wapi ili wajue mwaka utakuwaje. Lakini iko tafsiri nyengine, nayo imezoeleka: kwamba kibanda kile kinamkumbusha kila mtu wajibu wake, nyumba ya mwenzio ikiwaka unakwenda, na aliyemo ndani anatoka salama. Mjerumani angeliita zoezi la mwaka. Yao wanafanya kwa ngazi na mipira ya maji, yetu kwa nyimbo na kanga mpya.

Na wameandika wengi kwamba zamani, siku hiyo ya mwaka, mioto ya majikoni ilizimwa na moto mpya ukapekechwa kwa vijiti. Jamii inayouzima moto wake wote siku moja kwa pamoja, na kuuwasha upya kwa pamoja, haiwezi kuambiwa haikuwa na utaratibu wa moto.

Ngoja niwape mfano wa kinyume, wa watu waliokuwa na kila kitu isipokuwa jirani. Kasri la Mtoni, la Seyyid Said, liliungua mwaka 1914. Kasri la Marhubi, alilolijenga Barghash, liliungua mwaka 1899. Nendeni Marhubi mkaangalie zile nguzo nene zilizobeba roshani za mbao: zimesimama peke yake, mbao zote zilikwenda. Na karibu yake kuna mabaki ya mfereji wa kupitishia maji. Maji yalikuwepo, mawe yalikuwepo, mali ilikuwepo. Sisemi kwamba wanakijiji wenye ngoe wangeliokoa kasri; boriti za kasri si fito za kufungwa kwa kamba. Nasema tu kwamba ukuta wa mawe haumzuilii mtu moto ikiwa juu yake na ndani yake ni mbao. Hilo tutalihitaji sasa hivi.

Kuna upande mwengine wa ujuzi huu ambao nitaupita haraka, ingawa ungestahiki barua yake: moto wa msituni. Mkulima wa maweni hukata kichaka, hukikausha, hukichoma. Zamani hakuna aliyechoma kwa kujiamulia. Palikuwa na mvyale, mtu anayeangalia ardhi na mizimu ya kijiji, na kabla ya kazi ya shamba la uwanda palikuwa na mambo yake ya kufanywa. Wengine wanaona hayo ni mizimu tu. Mimi naona ndani yake mtu mmoja anayejua nani anachoma wapi na siku gani. Watu hao pia walijua kuwasha moto mdogo mbele ya moto mkubwa ili ukutane na majivu. Methali ya dawa ya moto ni moto siku hizi hutumiwa kwa ugomvi wa maneno, lakini kwa mchoma shamba ni maelekezo ya kazi. Msijaribu bila ya mtu anayeijua, upepo wa kusi hauna adabu.

Basi zimamoto hiyo ilikwenda wapi? Hakuna aliyeivunja. Iliondolewa kazi na bati. Mtu akijenga kwa matofali na kuezeka bati, cheche ikitua juu inazimika yenyewe. Nyumba ya pili haiwaki tena, kwa hiyo hakuna haja ya kuiezua, kwa hiyo hakuna haja ya amri, wala ya ahadi. Haya ni maendeleo na mimi siyalilii. Nimelala chini ya makuti yanayovuja, najua. Lakini moto haukuondoka. Ulihama kutoka juu ya nyumba ukaingia ndani. Sasa uko kwenye waya uliounganishwa na fundi wa mtaani, kwenye chaja iliyoachwa juu ya godoro la sponji, kwenye mtungi wa gesi, kwenye dumu la petroli nyuma ya duka. Unguja iliwahi kukaa gizani kama mwezi mzima mwaka 2008, kisha miezi mitatu kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu za njia ya umeme unaotoka Bara. Kila aliyeweza alinunua jenereta. Umeme ulirudi, lakini mazoea ya kuweka petroli ndani yalibaki kwa wengi.

Na nyumba ya matofali ina jambo ambalo nyumba ya babu haikuwa nalo: nondo madirishani. Moto wa makuti ulimpa mtu muda mfupi lakini ulimwachia njia. Ukuta wa udongo ungeweza hata kuupiga teke. Moto wa leo unajaza chumba moshi mweusi kabla miali haijaonekana, mlango umefungwa kwa komeo mbili, dirisha lina nondo, na waliolala hawaamki, maana moshi huwalaza zaidi. Mwizi amezuiwa, na mwenye nyumba naye amezuiwa.

Makuti yenyewe yamerudi, tena pwani yenu hiyo hiyo. Mahoteli yameezeka mapaa ambayo babu yangu asingethubutu, marefu kama mnazi, jiko chini yake, nyaya zimepita ndani yake, na banda moja linagusana na jingine. Niliwahi kufundisha hoteli moja ya pwani, jina lake halina haja. Nikaomba mtungi wa kuzimia moto ili nionyeshe. Ukatafutwa ufunguo nusu saa. Mitungi yote ilikuwa imefungiwa stoo isiibiwe. Bustani ya hoteli hiyo ilikuwa inapakana na uwa wa bibi mmoja wa kijijini, naye ndiye aliyeniuliza swali la maana kuliko wote siku ile: "Likiwaka hilo, mwanangu, nani ataliezua?" Sikuwa na jibu, na makuti ya siku hizi yamekazwa kwa waya na misumari, hayakatiki kwa panga.

Mtaambiwa kwamba siku hizi kuna Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, kazi ni yao. Ni kweli, na namba ya 114 kila mtoto wa skuli aijue kama anavyojua jina la mamake. (Kikosi hicho kina mpaka timu ya mpira, Zimamoto, waliokuwa mabingwa wa Zanzibar mwaka 2016, msije mkawaona wanazima tu.) Lakini fanyeni hesabu. Kijiji kikiwa kilomita 20 kutoka kituoni, gari likienda kilomita 60 kwa saa bila ya kusimama, ni dakika 20. Gari lenye lita 3,000, mpira ukitoa lita 500 kwa dakika, linakauka kwa dakika sita. Likishakauka litauliza maji yako wapi, na anayejua ni mwanakijiji. Dakika 20 za mwanzo ni zenu, na baada ya dakika sita za maji yao ni zenu tena.

Kazi hiyo ya kujaza nafasi kabla wenye vifaa hawajafika, watu wa pwani tumeshaifanya. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilipozama njiani kwenda Pemba, wavuvi wa Nungwi walikuwa miongoni mwa waliotoka na vyombo vyao kuokoa watu. Hawakuwa na katiba. Walikuwa na maboti, walijua mkondo, wakaenda.

Sasa namna ya kuandika. Msiwaulize wazee "ilianza lini". Waulizeni: moto gani mnaukumbuka, ulianzia jiko la nani, paa la nani liliezuliwa, nani alitoa neno, nani aliezeka, na je, kuna aliyekataa? Mtaona kicheko kinakwisha na mazungumzo yanaanza. Waulizeni wanawake kando, wasikae baraza moja na waume zao, kwa sababu wao ndio waliokuwa karibu na jiko na karibu na kisima, na wanakumbuka mambo ambayo wanaume walifika yamekwisha.

Kwa miaka, wazee wenu wana kalenda nzuri kuliko mnavyodhani. Mwaka wa Kiswahili ni siku 365, hauongezwi siku, na huitwa kwa siku uliyoangukia: mwaka Ijumaa, mwaka Jumamosi. Kwa kuwa siku 365 ni wiki 52 na siku moja juu, mwaka unaofuata huanza siku inayofuata, na baada ya miaka saba jina hurudi. Bibi akikwambia moto ule ulikuwa mwaka Jumanne, kabla ya Mapinduzi, na yeye alikuwa hajaolewa, umebakiwa na miaka miwili au mitatu tu ya kuchagua. Kisha nendeni Nyaraka, jumba la kumbukumbu za serikali pale Kilimani, mkaombe taarifa za zamani za wilaya yenu na magazeti. Gazeti la serikali lilianza kuchapishwa mwaka 1892, na gazeti la Mwongozi lilianza mwaka 1942. Huenda mkakuta mstari mmoja juu ya kijiji chenu, huenda msikute. Msipokuta, acheni pengo lionekane. Katibu wenu asijaze tarehe kwa kuwa mgeni anayo.

Kuhusu kikundi chenyewe hamkuniuliza sana, kwa hiyo nitasema machache. Gaweni kazi kama walivyogawa wao, ila kwa moto wa leo. Awepo anayepiga 114 na kusimama barabarani kuonyesha gari njia. Awepo anayejua swichi kubwa ya umeme iko wapi katika kila nyumba, na mtu asimwage maji kabla haijazimwa. Awepo wa mitungi ya gesi. Awepo mmoja, mtu mzima mwenye sauti, ambaye kazi yake ni kuhesabu vichwa tu: waliolala humu ni wangapi, waliotoka ni wangapi, asishike ndoo. Banda la jirani yenu, kama liliwaka kwa karai la sambusa, wafundisheni watu kwamba mafuta yanayowaka hufunikwa kwa mfuniko na jiko likazimwa, hayamwagiwi maji abadani. Aliyeungua awekwe chini ya maji safi ya kawaida dakika 20. Dawa ya meno na mafuta ya nazi yabaki kabatini. Katika kila nyumba dirisha moja la chumba cha kulala liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, na ufunguo wake ukae mahali mtoto anapafikia. Mwambieni sheha tangu mwanzo, maana shehia zina kamati za maafa na si vizuri mkawa nyinyi huku na wao kule.

Na ile ahadi iwemo, tena juu kabisa. Mtavunja mlango wa mtu ambaye nyumba yake haijawaka, mtakata nondo zake, mtamwaga maji juu ya godoro lake. Andikeni nani ana haki ya kusema "vunja", na andikeni kwamba kijiji kitamrudishia mlango wake ndani ya siku ngapi. Mkikosa kuliandika hilo, siku moja mtamkuta mtu mlangoni na shoka, na hamtakuwa na mzee wa kumwambia atalala kavu.

Mgeni wenu mwandikieni kwamba yenu haina mwaka wa kuanza, lakini ina siku yake kila mwaka, aje Julai Makunduchi aione ikiwashwa na kuzimwa. Mwambieni avae nguo za kuchafuka. Na lile dumu la petroli nyuma ya duka lihamishwe leo, lisingojee katiba.